Nyumba Huuzwa na Mmoja, Huhamwa na Wote

Kila wiki hakosi mtu wa kuniuliza: "Buda, ile video ya nyumba ilienda wapi?"

Ilikuwa na watazamaji 212,000. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Hata ile ya nyani aliyeiba mkate kwenye lori haijaifikia. Niliifuta Machi 2024 na sikueleza kwa nini, kwa sababu stori ilikuwa bado mbichi na mathe alikuwa amenikataza kuongea. Sasa imeisha. Mathe ameniruhusu kwa sharti moja: nisitaje jina la mtu. Basi vuteni viti.

Kwa wale ambao Kambu mnaijua kupitia dirisha la basi tu: ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Kibwezi na kabla hujafika Mtito Andei, kuna mahali watu wanakimbilia basi na maembe na tikiti maji, na mibuyu imesimama kandokando kama wazee waliokasirika. Hapo ndipo kwetu. Sisi ni Makueni, lakini ukishuka mpaka mto Athi ukavuka, uko Kitui. Nusu ya ndugu zetu wako upande ule.

Mathe anauza mitumba. Kwa miaka 19 tulipanga vyumba viwili nyuma ya barabara kuu, pale ambapo lori likipiga breki usiku unashtuka ukidhani limeingia kitandani. Kodi ilipanda mpaka ikafika 5,500 kwa mwezi. Ndoto ya mathe haikuwa gorofa. Alitaka tu mahali ambapo hakuna mtu atakayegonga mlango tarehe tano.

Katikati ya 2023 akaletewa habari: kuna mzee anauza nusu ekari iliyo na nyumba ya matofali, vyumba vitatu, mabati bado mazuri, tangi la maji, na mwembe mmoja mkubwa. Bei 850,000. Mathe alikuwa na 300,000 za chama. Sacco ikamkopesha 500,000. Zikabaki 50,000.

Hizo 50,000 zilikuwa zangu. Zilikuwa karo na kodi ya chumba changu chuoni, muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu. Mathe hakunilazimisha. Alinikalisha chini akaniambia, "Ukikaa nje muhula mmoja, Januari hatulipi kodi tena. Ile kodi inakuwa karo yako." Hesabu ilikuwa safi. Nikasema sawa. Na tusidanganyane, somo lenyewe sikuwa nalipenda sana, kwa hivyo sikulia.

Wengine wanaacha chuo kwa sababu ya muziki, wengine kwa sababu ya mimba au pombe. Mimi niliacha kwa sababu ya mlango uliokataa kufunguliwa.

Msidhani tulikuwa wajinga. Mathe ni mwanamke wa soko, hanunui hata sidiria bila kuivuta mara mbili. Tulienda ofisi ya ardhi, tukaangalia rejista: jina ni la mzee, hakuna mkopo, hakuna kesi. Tukaandikiana kwa wakili. Na kwa sababu ni shamba, si ploti ya mjini, tukapitia bodi ya ardhi kutafuta idhini, maana sheria inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba unakufa. Siku ya bodi mzee alikuja na mkewe, mama mtulivu mwenye leso ya bluu. Akaulizwa kama amekubali. Akasema amekubali. Akasaini vizuri sana, herufi zimepangwa kama za mwalimu.

Kumbukeni hiyo sahihi.

Mathe alilipa pesa zote. Zote. Mzee alisema kijana wake ana safari ya kazi Qatar na ajenti anataka pesa haraka. Mathe, mama wa mtoto anayehangaika kama mimi, akamwonea huruma. Tukakubaliana kwa mdomo: mwisho wa Oktoba nyumba iwe tupu.

Oktoba hiyo hiyo ndiyo tingatinga ziliingia Mavoko, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, hapo tu kaunti jirani ya Machakos. Nina hakika mliona zile picha. Magorofa ya watu yamelala chini kama keki iliyokaliwa, mama ameketi juu ya sofa katikati ya vumbi. Wengi walikuwa wamenunua. Walikuwa na risiti, walikuwa na karatasi. Lakini aliyewauzia hakuwa mwenyewe, na mahakama ilikuwa imeshasema ardhi ni ya kampuni.

Mathe aliangalia taarifa ya saa moja akiwa ameshika hati yetu mkononi, kwelikweli, ameishika kama mtoto. Akasema, "Asante Mungu, yetu ni safi."

Mavoko iliwafundisha Wakenya wote swali moja: hati ni ya nani? Sisi tulikuwa tumelijibu hilo. Hakuna aliyetufundisha swali la pili.

Oktoba ikaisha. Mvua za El Niño zikaanza, na nyinyi mnakumbuka zilivyonyesha mwaka ule. Tulipoenda, mzee alitupokea nje ya geti. "Mvua hii nitapeleka familia wapi? Mnataka walale mtoni?" Tukaona ana haki. Tukampa mwezi.

Desemba akasema tumewahi vibaya, ndengu ziko shambani, acha zivunwe. Ngoja. Ndengu? Alizipanda lini? Alizipanda Novemba, kwenye shamba alilokuwa ameshaliuza! Mathe alinyamaza. Huku kwetu huwezi kumwambia mtu ang'oe ndengu zenye maua. Hiyo ni kama kumwamsha mtoto mchanga umpige.

Januari hakupokea simu. Februari nikaenda peke yangu na bodaboda. Nikakuta ndengu zimeanikwa kwenye turubai chini ya mwembe wetu, magunia mawili yamejaa, na kando yake pikipiki mpya, bado ina plastiki kwenye kiti. Nilisikia kitu kinapanda kutoka tumboni. Muhula wa Januari ulikuwa umeshaanza bila mimi. Mathe alikuwa analipa sacco 14,000 kila mwezi kwa nyumba ambayo hajawahi kulala ndani, na bado alikuwa analipa kodi 5,500 kwa nyumba isiyo yake.

Nikatoa simu.

Video ilikuwa dakika mbili na nusu. Nilichukua nyumba, pikipiki na ndengu. Nikainua nakala ya hati, na ile karatasi ya idhini yenye sahihi zote. Na kulikuwa na msichana aliyetoka na mtungi kwenda kwenye tangi. Nikamchukua pia. Nikasema, maneno haya nayakumbuka kwa sababu nimeyajutia mara nyingi: "Hawa ndio wanaotukalia nyumba. Familia nzima ya wakora."

Mnajua kilichofuata, wengi mlikuwepo. Siku mbili, 212,000. Wafuasi wapya 9,000. Maoni yakawa mto. "Choma!" "Tuma lokesheni." "Hiyo familia haina haya." Nilikuwa nasoma usiku kucha nikicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, nilihisi nina kazi.

Siku ya tatu vijana wanne wa hapa kituoni wakanifuata. Walitaka 10,000, usiku mmoja tu. Mpango ulikuwa rahisi: wanapanda juu, wanang'oa mabati, mvua inamalizia kazi. "Mtu hakai kwa nyumba isiyo na paa," mmoja akaniambia. Naomba niwe mkweli kwenu. Sikukataa. Niliwaambia nitafute pesa.

Mathe alijua kabla hata sijafika nyumbani, Kambu ni ndogo. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Hayo mabati ni ya nani?"

"Yetu."

"Basi unalipa watu waje waharibu mabati yako."

Hakuongeza. Lakini kwa kuwa wengi wenu bado mnaniandikia mkitaka vijana wa kuwasaidia, acha niweke sheria hapa, niliyoelezwa baadaye na wakili. Kuwa na hati hakukupi ruhusa ya kumtupa mtu nje kwa mkono wako. Sheria ya Ardhi ilibadilishwa 2016: mtu akikaa kwenye ardhi yako bila haki, unampa notisi ya maandishi ya miezi 3, na nakala zinaenda kwa naibu wa kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Mwenye kupewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kupinga. Na siku ya kutolewa, lazima utu wake uheshimiwe, hasa wazee, watoto na watu wenye ulemavu. Ukileta vijana usiku, wewe mwenye hati ndiye unageuka mshtakiwa. Yule uliyekuwa unamwita mkora anageuka mlalamishi.

Turudi sokoni. Ilikuwa siku ya soko, mathe amepanga nguo zake, mimi nimekaa kwenye beli najibu maoni. Akaja mama mmoja mnene kidogo, viatu vya plastiki, uso kama wa mtu ambaye hajalala. Alikuwa na yule msichana wa mtungi, sasa amevaa sare ya shule.

Mathe alimtambua. Alikuwa amemwona mara moja tu, siku alipoenda kuhesabu madirisha kwa ajili ya mapazia. Yule mama alimpa chai siku hiyo. Mathe alidhani ni dada wa mzee, au mfanyakazi. Hakuuliza.

Yule mama hakusalimia. Akamwambia binti yake, "Mwonyeshe." Msichana akatoa simu. Video yangu. Akaisimamisha pale niliponyanyua ile karatasi ya idhini.

"Mwaitu," yule mama akamwambia mathe, "mtoto amenisomea. Hapa wameandika hii ni sahihi ya mke. Mimi ndiye mke. Nimeolewa miaka 27. Na mimi sijui kuandika. Mimi naweka kidole."

Hakuna aliyeongea. Lori lilipita, likapiga honi, likaenda.

Ikatoka polepole. Mzee alikuwa amemwambia ameweka nyumba rehani kidogo tu, kijana aende Qatar, akianza kutuma pesa deni linaisha. Siku mathe alipokuja kuhesabu madirisha, yule mama alidhani ni mtu wa mkopo amekuja kupima thamani ya nyumba, ndiyo maana akampa chai, awaandikie vizuri. Yule wa leso ya bluu hakumjua. Labda mnajua mchezo huu unaitwaje: mke wa kukodi. Mwanamume akitaka kuuza na mkewe hatakubali, anatafuta mwanamke mwingine, anamlipa, anakuja mbele ya bodi au benki anasema "nimekubali." Nilikuwa nimewahi kuusikia kama utani. Sikujua nimeketi nao meza moja.

Kwa hiyo yule mama hakuwa amekataa kuhama. Hakuwa ameambiwa ahame.

Kisha msichana akanigeukia mimi. Alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni, na alikuwa ametumwa nyumbani kuchukua karo. Shuleni walikuwa wameiona. Simu hawaruhusiwi, lakini nyinyi pia mlikuwa shule, mnajua video hufika. Alikuwa ameshaitwa "mtoto wa wakora" bwenini na darasani. Akaniambia sentensi moja, bila kulia:

"Mimi sikuuza nyumba."

Niliifuta pale pale, mbele yake. Haikusaidia sana, watu walikuwa wameshaishea kwingine. Kufuta ni kama kuomba msamaha kwa mtu ambaye umeshamwaga uji wake. Unaomba, lakini uji uko chini.

Sasa sikilizeni sehemu hii vizuri, kwa sababu hapa ndipo tulikaribia kupoteza kila kitu.

Tulienda kwa wakili, safari hii wakili mwingine. Akasikiliza, akavua miwani. Akasema Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, haina kona: mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wanandoa wote wawili. Yule mama akienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, aonyeshe kwamba aliyesaini si yeye, mauzo yanaweza kuanguka. Mathe angebaki na haki ya kudai pesa zake. Kutoka kwa nani? Kutoka kwa mzee ambaye pesa zake zilikuwa zimekuwa tikiti ya ndege, pikipiki na madeni ya zamani. Ungeshinda kesi halafu unashinda nini?

Mathe aliuliza, "Na tukinyamaza?"

Wakili akasema, kuna watu hunyamaza. Wanategemea kwamba mama asiyejua kusoma hatafika mahakamani. Wanampa notisi ya miezi 3 na anaondoka kwa woga.

Tulirudi na matatu bila kuongea. Nilijua mathe anawaza nini, kwa sababu hata mimi niliwaza hivyo hivyo. Yule mama hana pesa ya wakili, na sisi tuna hati.

Usiku mathe akaniambia kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari langu. Kikamba tuna neno *musyi*. Nyumba ni ukuta na mabati. Musyi ni pale watu wako walipo, moto, mbuzi, watoto, kaburi la bibi. Mathe akasema, "Yule mzee alituuzia nyumba. Musyi haikuwa yake peke yake." Akageukia ukuta akalala. Mimi sikulala.

Asubuhi akaenda kwa chifu, lakini hakwenda kushtaki. Alienda kuomba kikao. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha ugomvi, mradi zisivunje haki za mtu. Kwa hivyo msiwacheke wazee wanaoketi chini ya mti, wamo kwenye katiba. Vikao vilikuwa vitatu. Walikuja wazee wa ukoo wake, wazee wawili upande wetu, msaidizi wa chifu, na yule mama mwenyewe, aliyeambiwa aketi kwenye kiti, si chini. Hilo mathe alilisisitiza.

Kikao cha kwanza kiliharibika, mzee alikasirika akaondoka. Cha pili alirudi. Akakiri kuhusu yule wa leso ya bluu, huku akiangalia viatu vyake. Nilikuwa nimemchukia kwa miezi, lakini siku hiyo niliona tu mtu aliyetaka mtoto wake aende Qatar na hakujua njia nyingine. Hiyo haimsafishi, kosa linabaki kosa. Nasema tu nilichokiona.

Cha tatu tukafikia hivi. Mzee ana kipande kingine cha shamba, mbali kidogo na barabara. Ukoo ulimwekea sharti: kipande hicho kiandikwe majina mawili, lake na la mkewe. Kijana aliyeko Qatar, ambaye naye alikuwa hajui nauli yake ilitoka wapi, akaahidi mabati. Ndugu zake watatoa mikono, watafyatua matofali. Binti amalize mtihani wake akiwa na mahali pa kurudi wakati wa likizo, pale pale alipopazoea. Baada ya mtihani, nyumba iwe tupu. Na yule mama, akiridhika kwamba nyumba yake nyingine imesimama, ataenda na sisi kwa wakili na mbele ya bodi, aweke kidole chake mwenyewe, kwa hiari yake, baada ya kusomewa kila mstari kwa Kikamba.

Yaani mathe alikubali kungoja mwaka mwingine. Alilipa kodi jumla ya miezi 14 kwa nyumba ya mtu mwingine. Pigeni hesabu: 77,000. Hizo ndizo zilikuwa karo yangu. Nilimkasirikia mathe. Nilimwambia huruma yake inanila mimi. Alinijibu kwamba hii si huruma, anataka kulala kwenye nyumba ambayo hakuna mtu atakayekuja na kesi baada ya miaka 5.

Nilimwelewa baadaye. Video yangu ingeweza kuwatoa, hata vijana wanne wangeweza. Lakini kutoka kwa woga si kukubali, na aliyetoka kwa woga ana haki ya kurudi na wakili.

Sasa kwa wewe unayeweka pesa kidogokidogo unataka kununua, au mzazi wako anataka kununua na wewe ndiye unamsomea karatasi. Lile swali la pili ni hili: nani analala humo? Hati inakuambia nani anaweza kuuza. Haikuambii nani atahama. Nyumba huuzwa na mmoja, lakini huhamwa na wote. Nenda siku ambayo muuzaji hayupo. Kunywa chai. Muulize anayekupikia chai jina lake na ameishi hapo tangu lini. Ongea na jirani, ongea na mzee wa nyumba kumi. Siku ya bodi, hakikisha mke anayesema "nimekubali" ni yule aliyekupa chai.

Usilipe yote. Acha sehemu nzuri ya pesa mikononi mwa wakili mpaka siku unapopewa funguo na chumba kikiwa hakina hata kijiko. Tarehe ya kuhama iandikwe kwenye mkataba, na iandikwe pia atalipa kiasi gani kwa kila mwezi atakaochelewa. Ya mdomoni huliwa na mvua.

Wakikataa, andika notisi. Usikae kimya kwa aibu, ukisema watatoka tu, watatoka tu. Sheria yetu inamruhusu mtu aliyekaa wazi kwenye ardhi yako bila ruhusa yako kwa miaka 12 kuidai iwe yake. Upole ni mzuri, lakini uwe upole wenye karatasi.

Na kamera yako iweke mfukoni kwanza. Nasema hivi mimi ninayekula kwa kamera. Ni kweli video yangu ndiyo iliyomwonyesha yule mama sahihi ya uongo. Mathe hukumbuka hilo kunitetea. Lakini sikuipiga kwa ajili hiyo. Niliipiga nipate watu wa kukasirika na mimi, na nikamweka ndani mtoto aliyekuwa anaenda kuteka maji.

Binti alimaliza mtihani wa KCSE Novemba 2024. Mama yake aliweka kidole wiki iliyofuata. Alikibonyeza kwa nguvu, akakiangalia kwenye karatasi, akauliza kama kimeonekana vizuri.

Walihama Desemba, siku moja, kwa mkokoteni na ile pikipiki. Tulipoingia jioni, nyumba ilikuwa imefagiwa. Tangi lilikuwa limejaa. Nikaenda nyuma kuangalia choo, nikarudi mbio: mlango wa choo haupo! Wamebeba mlango! Nikamwambia mathe nampigia simu sasa hivi, mkataba unasema nyumba na vyote vilivyomo.

Mathe alikuwa ameketi chini ya mwembe, viatu amevua.

"Amenipa kidole," akasema. "Nitashindwa kumpa mlango?"

Tulitumia gunia kwa wiki mbili. Sasa kuna mlango. Chuoni bado sijarudi, na sijui kama nitarudi, lakini kila mwisho wa mwezi mathe ananipa 5,500 bila kusema ni za nini. Naziweka. Tarehe tano ikifika, hakuna anayegonga.

Niambieni hapo chini: kwenu, aliyeweka sahihi ni nani, na aliyehama ni nani?